Mazoezi ya Nini?

Mara ya kwanza nilipokimbia Sigor nikiwa mtu mzima, nilikaribia kuanzisha matanga.

Ilikuwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mahindi. Nimevaa viatu vya kukimbilia ambavyo bei yake siwezi kuitaja mbele ya mama yangu. Boma la kwanza, mbwa. Boma la pili, mbwa. Kwenye boma la tatu akatoka kogo mmoja, jirani yetu tangu kabla sijazaliwa, leso mabegani, mkono kifuani.

“Lakwet, nani amekufa?”

Nikasimama, nahema kama ng’ombe aliyepanda mlima. “Hakuna, kogo. Watu wote wako salama.”

“Sasa unakimbia nini?”

“Nafanya mazoezi.”

Akaniangalia kuanzia viatu hadi kitambi, bila haraka. Kisha akauliza swali ambalo sijaacha kulifikiria hadi leo: “Mazoezi ya nini?”

Sina budi kueleza kwanza ni Sigor gani, maana Kenya ina zaidi ya moja. Hii ni ya Chepalungu, Kaunti ya Bomet. Ukimwambia mtu wa Nairobi unatoka Bomet, anaona mashamba ya chai yaliyonyolewa kama kichwa cha mwanafunzi. Hiyo ni Bomet ya juu, na Kericho. Sigor iko chini zaidi na ni kavu zaidi, nchi ya mahindi, ng’ombe na maziwa. Lakini historia ya chai imepita kwenye miguu yetu pia, kama utakavyoona.

Nilikuwa na miaka 34 na kilo 104. Baba alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wake wa kulia haujarudi vizuri. Muuguzi aliyenipima aliniambia kwa upole kwamba sukari iko mlangoni, haijaingia bado. Kwa hiyo nilikuwa na jibu la haraka la kumpa kogo: mazoezi ya kutokufa. Lakini hakuwa ananikejeli. Swali lake lilikuwa la lugha. Mazoezi yanatokana na kuzoea, na mtu hujizoeza kwa ajili ya kitu fulani. Askari ana mazoezi ya vita, mwanafunzi ana mazoezi ya hesabu, kwaya ina mazoezi ya Jumapili. Mimi nilikuwa najizoeza nini?

Daktari wa Kavirondo Kusini

Hadithi ya miili yetu na magonjwa ya kisasa ina ukurasa mmoja ulioandikwa karibu sana na hapa. Mwaka wa 1929, jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala ya daktari aliyeitwa C. P. Donnison. Alikuwa amefanya kazi Kavirondo Kusini, upande wa Kisii, majirani zetu wa magharibi. Donnison alipima presha ya wanaume 1,000. Kule kwao Ulaya presha ilipanda kadiri mtu alivyozeeka. Hapa ilifika miaka ya 40 hivi, halafu badala ya kupanda ikaanza kushuka. Kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake kwa miaka miwili, hakuandika hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha.

Ukisoma hayo leo, huku umebeba dawa za baba kwenye mfuko, unaweza kulia. Ndani ya karne moja tu tumetoka huko hadi hapa.

Lakini tahadhari. Watu wengi wanaoposti picha za wazee wetu wembamba na kuandika “tulipotea njia” wanasahau nusu ya habari. Donnison mwenyewe aliona presha kama ugonjwa wa ustaarabu, na ndani ya wazo hilo kulikuwa na fikra ya kikoloni kwamba Mwafrika ana afya kwa sababu bado hajaendelea. Na ile miguu iliyokuwa ikitembea, ilitembea kwa nini?

Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walileta kodi ya kibanda. Kodi ililipwa kwa pesa, na pesa ilikuwa kwa mzungu, kwa hiyo mtu alitembea hadi ilipo kazi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikaja kipande, kile cheti kilichoning’inizwa shingoni ili mwajiri na polisi wajue nani ametoroka. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa za Uingereza zikaanza kupanda chai Kericho, kwenye ardhi ya Wakipsigis. Mwaka wa 1934 mamia ya Watalai, ukoo wa viongozi wetu wa kiroho, walihamishwa kwa sheria ya serikali hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Waliobaki walijifunza kuchuma majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, jua hadi jua.

Huo wote ni mwendo. Ungekuwa na saa ya kisasa ya kuhesabu hatua, ingekupongeza kwa fataki. Lakini hakuna aliyeuita mazoezi, kwa sababu mtu hakuchagua. Na kabla ya wakoloni, kutembea na ng’ombe au kubeba maji pia hakukuwa hobi. Mwili mwembamba wa babu ulikuwa mwili wa kazi, na miaka mingine ulikuwa mwili wa njaa. Ndiyo maana mtu alipopata nafuu, kitu cha kwanza kuonyesha nafuu hiyo kilikuwa tumbo. Hadi leo ukirudi kijijini umekonda, shangazi zako hawasemi “hongera”. Wanauliza kwa sauti ya chini kama ulikuwa mgonjwa, au kama kazi iliisha.

Kwa hiyo tusiseme turudi zamani. Kule zamani hatukupapenda kiasi hicho. Tulipoweza kutoka, tulitoka.

Watu wawili Tokyo

Oktoba 1964, Kenya haijamaliza mwaka mmoja tangu uhuru, kijana wa Kericho aitwaye Wilson Kiprugut Chuma alisimama kwenye fainali ya mita 800 katika Olimpiki ya Tokyo. Alikuwa mwanajeshi. Alimaliza wa tatu kwa dakika 1 na sekunde 45.9, na hiyo shaba ikawa medali ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki. Miaka minne baadaye, Mexico City, aliongeza fedha katika mbio hizohizo.

Sisi tunaikumbuka mbio ya Tokyo kwa ajili yake. Lakini mtazame aliyeshinda. Aliitwa Peter Snell, kutoka New Zealand, na kocha wake aliitwa Arthur Lydiard. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lydiard alifanya jambo ambalo halikuhusu medali. Jijini Auckland aliwakusanya wanaume wa makamo, wenye vitambi, wengine wameshapata mshtuko wa moyo, akawafundisha kukimbia polepole, mwendo ambao mtu anaweza kupiga stori bila kukata pumzi. Zamani hizo madaktari wengi walimwambia mgonjwa wa moyo alale. Lydiard akasema inuka.

Mwaka wa 1962 kocha Mmarekani, Bill Bowerman, alimtembelea. Alikuwa na miaka 51 na alijiona yuko sawa. Walipotoka kukimbia akaachwa nyuma, na aliyebaki kumsindikiza ni mzee aliyemzidi kwa zaidi ya miaka 20, mwenye historia ya ugonjwa wa moyo. Bowerman alirudi nyumbani na aibu yake, na mwaka wa 1967 akatoa kitabu kilichoitwa Jogging, kikauzwa nakala nyingi sana. Huyu ndiye mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya viatu ya Nike. Hivyo ndivyo kukimbia bila kushindana kulivyoenea duniani, na viatu vyake vikiwemo.

Sayansi ilikuwa imeshaanza kuonyesha njia. Mwaka wa 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa watu wa tabaka moja, wa gari moja. Tofauti ilikuwa kwamba dereva alikaa siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na walioupata hawakufa upesi kama madereva. Fikiria hilo siku nyingine ukiona makanga ananing’inia mlangoni na dereva amejaza kiti.

Sasa angalia jinsi njia zilivyoachana. Katika mbio moja ya Tokyo kulikuwa na historia mbili. Ya Snell ilikwenda kuwa dawa ya watu wa kawaida. Ya Kiprugut, kwetu, ilikwenda kuwa kazi. Na kazi nzuri: Emily Chebet, mzaliwa wa Bomet, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka wa 2010 na tena 2013. Nchi yetu ikawa mahali ambapo kukimbia ni kipaji, visa na shamba la ng’ombe wa gredi. Matokeo yake, mtu wa miaka 34 akikimbia Sigor watu wanajiuliza mambo mawili tu: amechelewa wapi, au amefukuzwa na nani. Hakuna anayefikiri kukimbia kunaweza kuwa kwa mtu asiyeweza kushinda.

Hatua zilizoibwa

Hakuna mtu aliyeamka siku moja akaamua kuacha kutembea. Zilitoka hatua chache hapa, chache pale. Posho mill ilipofika karibu, mama hakusaga tena na hakubeba gunia mbali. Mabati yakaleta tangi la maji ya mvua. Machi 2007 ikaja M-Pesa, na safari ya kupeleka pesa kwa mkono ikawa vidole viwili. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, na baada ya hapo boda ikafika hadi mlango wa choo.

Sichukii hata kimoja. Boda imewafikisha akina mama wengi hospitalini usiku, wakajifungua salama. Nani atamwambia mwanamke arudie jiwe la kusagia ili apunguze kiuno? Lakini mwili haujui kwamba ni maendeleo. Unahesabu tu.

Na mwili unahesabu haraka. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Waluo waliohama mashambani kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Waliohama walikuwa na presha ya juu zaidi, na tofauti ilianza kuonekana ndani ya miezi michache tu ya kukaa mjini. Miguu pekee haikuwa maelezo. Chumvi kwenye chakula ilikuwa imeongezeka, na potasiamu, ile ya mboga na matunda, imepungua. Katika takwimu za kitaifa, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 25 mwaka wa 2008–09, asilimia 33 mwaka wa 2014, na asilimia 45 mwaka wa 2022. Zamani mtu alihamia mji. Siku hizi mji unahamia kwetu, umepakiwa kwenye karai la mafuta ya chipo.

Kilo 18

Kabla ya kurudi Sigor nilikuwa nimeshapiga tizi Nairobi. Miezi minne, gym mara sita kwa wiki, mayai na kabeji. Niliangusha kilo 18. Watu ofisini waliniita “chali mpya”. Nilipiga picha. Mwaka mmoja baadaye kilo 18 zilikuwa zimerudi na wageni wawili juu.

Nilijilaumu sana. Nilifikiri ni uvivu. Ingenisaidia kama mtu angeniambia habari mbili.

Ya kwanza inatoka Tanzania. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi bado wapo wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume hutembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Mwaka wa 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati wanayotumia kwa siku. Kila mtu alitarajia iwe nyingi kupita kiasi. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, ilikuwa karibu sawa na ya Wamarekani na Wazungu wanaokaa ofisini. Mwili unaofanya kazi sana hubana matumizi mahali pengine, kama mama mwenye nyumba anayejua mshahara hauongezeki.

Kwa maneno ya Sigor: kutembea saa nzima hakutaondoa chochote unachoamua kula. Nilipiga hesabu ya chai yangu mwenyewe. Vikombe vitano kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, kijiko gramu 4 hivi. Hizo ni gramu 60 za sukari kila siku, takriban kalori 240, sehemu kubwa ya kile nilichokuwa natoa kwa jasho la saa nzima. Nchi ya chai ilikuwa inanimaliza kwa kijiko.

Habari ya pili inatoka Marekani, kwenye shindano la televisheni la kupunguza uzito, The Biggest Loser. Mwaka wa 2016 Kevin Hall na wenzake walieleza yaliyowapata washiriki 14 miaka sita baada ya shindano. Kumi na watatu walikuwa wameongezeka tena. Miili yao ilikuwa ikichoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Mwili ulikuwa umechukulia lile shindano kama njaa, na mwili wetu una kumbukumbu ndefu ya njaa.

Hapo ndipo wengi husema basi mazoezi ni bure. Sivyo. Mwaka wa 2017 watafiti hao waliangalia nani kati ya hao 14 alibaki amepungua zaidi. Ni wale waliokuwa wameongeza mwendo wa kila siku kwa kiasi kikubwa na kuendelea nao. Na orodha kubwa ya Wamarekani waliopunguza angalau kilo 13 na nusu na kukaa hivyo angalau mwaka mmoja, iliyoanzishwa mwaka wa 1994, inasema hivyohivyo: tisa kati ya kumi wanafanya mazoezi, wastani wa karibu saa moja kwa siku, na zoezi lao kubwa ni kutembea tu.

Chakula ndicho hushusha uzito. Mwendo ndio huuzuia usipande tena, na hulinda moyo hata mizani isiposogea. Lakini ni mwendo uliozoeleka, wa miaka. Ile miezi minne ya Nairobi sikuwa nimezoea kitu. Nilikuwa nimevumilia.

Lita tano

Wakipsigis wa kizazi changu wana kejeli nyingine ya kumeza. Mei 2023, Kericho, vijana walichoma moto mashine za kuchuma chai. Mashine moja hufanya kazi ya mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa na watoto wa kulisha. Kuna watu wanaopigania haki ya kutoa jasho, na kuna mimi niliyelipa gym kila mwezi ili nitoe jasho. Sidhani kuna upande wenye makosa. Lakini tangu siku ile nashindwa kuuita mwendo wa mwili kitu kidogo, cha watu wa mjini wenye muda. Kwa karne nzima umekuwa kodi, mshahara, medali. Haki ya mtu kutembea kwa ajili yake mwenyewe, bila kusukumwa na bila kushinda mtu, ni mpya hapa. Kizazi chetu ndicho cha kwanza kuipata kwa wingi, na hatujui tuishike vipi.

Nilirudi kwa kogo siku ya tatu, safari hii nikitembea. Magoti yalikuwa yamekataa kukimbia. Nikamwambia nimepata jibu: najizoeza kutembea, nisije nikawa kama baba.

Alinyamaza kidogo. Anamjua baba tangu akiwa mtoto. Kisha akaingia jikoni, akatoka na mtungi wa maziwa wa lita tano.

“Kama unatembea bure,” akasema, “peleka haya kwa wanunuzi. Mjukuu wangu amerudi shule.”

Nikapeleka. Kesho yake nikapeleka tena. Kuna kilomita mbili na nusu kwenda, na kurudi vilevile, na kilima kimoja ambacho hakina huruma. Siku ya mvua ya kwanza nilibaki kitandani. Saa moja na nusu simu ikalia, ni yeye, hakusalimia: “Maziwa yanaganda.”

Huo ni mwaka wa pili sasa. Nina kilo 92. Chai nakunywa na kijiko kimoja, na kuna siku nusu. Muuguzi anasema sukari bado iko nje ya mlango. Vile viatu vya Nairobi viliisha soli, nikanunua vingine sokoni, vya bei ninayoweza kumtajia mama.

Wiki iliyopita jirani wa pili aliniona napita, akaniuliza kama mkono wangu wa kushoto una kazi.